Ndugu yangu amekosa mara ya kwanza: je, mabadiliko ya sheria za adhabu yatamwepusha na jela?

Swali: "Assalamu alaykum. Ndugu yangu ana miaka 23 na alikuwa karani wa stoo ya jumla pale Kongowea. Mwezi Machi 2023 tajiri wake aliona upungufu wa Sh86,000, akamshtaki kwa wizi wa mfanyakazi. Alilala rumande Shimo la Tewa miezi miwili kabla hatujapata dhamana. Kesi imevutwa sana, na wiki iliyopita mwenyewe akakubali kosa mbele ya hakimu. Upande wa mashtaka ulisema hana rekodi yoyote ya nyuma. Hakimu ameagiza ripoti ya probesheni, tukapewa wiki mbili. Mtaani wengine wanatuambia sheria imebadilika, mtu wa mara ya kwanza hafungwi tena. Wengine wanasema Mahakama ya Juu imerudisha vifungo vya lazima, kwa hiyo tujiandae. Na kosa lenyewe ni la kabla ya hayo mabadiliko. Tushike lipi, na sisi familia tuna la kufanya?" (Dada mtu, Kisauni)

Jibu:

Waalaykum salaam dada yangu, na poleni nyumbani. Najua siku hizi usingizi hauji, kwa hiyo nianze na lile unalotaka kulijua kwanza. Hakuna sheria yoyote Kenya inayosema kwamba mkosaji wa mara ya kwanza hafungwi. Vilevile hakuna kifungo cha lazima kwa kosa aliloshtakiwa ndugu yako. Hakimu wake ana uhuru mpana, kuanzia kumwachilia kwa sharti la kutorudia makosa hadi kumfunga miaka saba, na ataamua kwa kutazama yale atakayokuwa nayo mbele yake siku hiyo. Mengi ya hayo bado hayajaandikwa. Yataandikwa ndani ya wiki mbili hizi, na familia ina sehemu yake.

Nieleze kwanza hayo maneno ya mtaani yametoka wapi, maana yamewaponza wengi.

Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ambayo kila mtu anaiita ya Muruatetu, kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa kosa la mauaji inakwenda kinyume na Katiba. Sababu kubwa ilikuwa kwamba sheria ile ilimfunga jaji mikono: hata amsikilize mshtakiwa akieleza hali yake, adhabu ilikuwa ni ile ile. Majaji wakataja mambo ya kupimwa kabla ya adhabu, yakiwemo umri wa mkosaji, kama ni kosa lake la kwanza, kama alikubali mwenyewe, tabia yake, majuto yake, na kama anaweza kurekebika akarudi kuishi na watu. Habari hiyo ilipofika vijiweni ilikuwa imeshageuka kuwa "mara ya kwanza hafungwi". Wafungwa wa makosa ya kila aina wakaanza kuandika maombi ya kupunguziwa, hadi Julai 2021 Mahakama ya Juu ikalazimika kufafanua kwamba uamuzi ule ulihusu kosa la mauaji peke yake.

Moto haukuzimika hapo. Mwaka 2022 Mahakama Kuu, Machakos na hapa kwetu Mombasa, ilisema vifungo vya chini vilivyowekwa na Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 navyo vinamnyima hakimu nafasi ya kupima. Watu wengi walipunguziwa miaka. Kisha tarehe 12 Julai 2024 Mahakama ya Juu ikalirudisha jambo mahali pake: Bunge likishaweka kiwango cha chini katika sheria hiyo, hakimu hawezi kwenda chini yake, na mtu aliyekuwa amepunguziwa kutoka miaka 20 hadi 15 akarudishiwa ile 20. Hiki ndicho jirani zako wanachokiita kurudi kwa vifungo vya lazima. Ni kweli, na ni kizito. Kijana aliyepatikana na hatia ya kumnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 atapewa miaka 20 au zaidi hata kama hajawahi kuiba hata embe. Hapo kuwa mkosaji wa mara ya kwanza kunaweza kumzuia hakimu asipande juu ya 20, hakuwezi kumshusha.

Kosa la ndugu yako halimo humo. Kifungu cha 281 cha Kanuni za Adhabu kinaweka miaka saba kwa mfanyakazi aliyemwibia mwajiri wake, na hiyo miaka saba ni kikomo cha juu. Cha chini hakikutajwa. Pale ambapo cha chini hakikutajwa, kifungu cha 26 kinamruhusu hakimu kutoa kifungo kifupi zaidi, au kuweka faini badala ya kifungo. Kwa hiyo mtu yeyote akikutisha kwa ule uamuzi wa 2024, mwambie kwa heshima kwamba haugusi kesi yenu.

Umeuliza pia kuhusu tarehe, kwa sababu kosa ni la Machi 2023 na mabadiliko mengine yamekuja baadaye. Swali hili ni zuri kuliko unavyodhani. Katiba, Ibara ya 50(2)(p), inasema hivi kwa maneno mepesi: ikiwa adhabu ya kosa imebadilishwa kati ya siku kosa lilipotendwa na siku ya kutoa adhabu, mkosaji apewe ile iliyo nafuu. Nikupe mfano ambao hapa Mombasa tunauona mara kwa mara. Mwaka 2022 Bunge lilifanyia mabadiliko sheria ya dawa za kulevya. Kabla ya hapo, aliyeshikwa na bhangi ya matumizi yake mwenyewe angeweza kufungwa hadi miaka 10. Baada ya mabadiliko ni hadi miaka mitano au faini isiyozidi Sh100,000. Aliyeshikwa 2021 na kesi yake ikaja kuamuliwa leo anapimwa kwa kipimo kipya, kwa sababu ndicho chepesi. Na sheria ikipandishwa adhabu baada ya kosa, ule uzito mpya haumrudii aliyekosa zamani. Wakili anayejua kazi yake hulitaja jambo hili hata kama hajaulizwa.

Kwa ndugu yako, hata hivyo, adhabu iliyoandikwa katika kifungu cha 281 haikubadilika tangu Machi 2023. Kilichobadilika ni Miongozo ya Kutoa Adhabu ya Idara ya Mahakama. Ya kwanza ilitoka 2016, na 2023 ikatoka iliyofanyiwa marekebisho. Miongozo haiweki adhabu mpya. Inamwongoza hakimu namna ya kupima adhabu zilizopo, na hakimu hutazama ile iliyopo siku anayoketi kuandika uamuzi. Tarehe ya kosa haiwaondolei chochote.

Na humo ndani mna mambo ya kumfaa. Tangu ile ya 2016, miongozo inamtaka hakimu ajiulize kwanza kama jela inahitajika hasa, kabla ya kuuliza ni miaka mingapi. Anatakiwa atazame uzito wa kosa, historia ya mkosaji, tabia yake, usalama wa jamii na watu wanaomtegemea. Kwa asiye na historia ya makosa, adhabu ya nje, yaani isiyompeleka jela, ndiyo inayotakiwa kufikiriwa mwanzo. Miongozo inasema wazi kwamba vifungo vifupi kwa makosa madogo havimrekebishi mtu, kwa sababu hakai muda wa kutosha kufundishwa kitu, ila hukaa muda wa kutosha kupoteza kazi yake na kuzoeana na waliobobea. Mimi naiunga mkono fikra hii kwa moyo wote. Nimewaona vijana walioingia Shimo la Tewa kwa simu moja ya wizi wakatoka wakijua mambo ambayo hawakuyajua walipoingia.

Lakini, dada yangu, nisikufiche lililo upande wa pili wa mizani. Wizi wa mfanyakazi ni kosa la kuvunja uaminifu. Hakimu ataona kijana aliyekabidhiwa funguo na daftari, na tajiri aliyemwamini akapata hasara. Kwa mahakimu wengi jambo hilo linaongeza uzito. Halafu kuna namna pesa zilivyochukuliwa: Sh86,000 zilizochukuliwa siku moja mtu akiwa na mgonjwa hospitalini si sawa na Sh86,000 zilizonyofolewa kidogo kidogo kwa miezi huku risiti zikighushiwa. Kama ni hii ya pili, jiandaeni kuulizwa.

Sasa niingie katika lile lenye faida zaidi kwenu. Kuna dakika chache mahakamani ambazo familia nyingi huzipoteza bila kujua. Mshtakiwa akishakubali kosa na maelezo kusomwa, mwendesha mashtaka husema: "Sina rekodi ya nyuma, achukuliwe kama mkosaji wa mara ya kwanza." Hakimu humgeukia kijana: "Unasema nini kabla sijakuadhibu?" Na kijana, akiwa kizimbani mikono nyuma, husema, "Naomba mahakama inisamehe," basi. Hakimu anaandika mstari mmoja. Hakuna aliyemweleza hakimu kwamba kijana huyu ndiye anayemlipia mdogo wake karo, wala kwamba alishaanza kurudisha pesa, wala kwamba miezi miwili ya rumande imeshamfunza. Sheria imempa hakimu uhuru wa kupima, ila hawezi kupima kitu asichokiona. Kuwa mkosaji wa mara ya kwanza ni jambo la kuthibitishwa na kujazwa maelezo.

Ndugu yako ana bahati, kwa sababu hakimu wake ameagiza ripoti. Hiyo ripoti, kwa maoni yangu, itakuwa na uzito kuliko maneno yote yatakayosemwa kizimbani. Afisa wa probesheni atazungumza na kijana mwenyewe, na pengine atafika nyumbani kwenu bila kutoa taarifa ndefu. Ataangalia mnaishi vipi na nani anamsimamia kijana. Atamuuliza mzee wa mtaa au chifu kama kijana anajulikana kwa fujo. Atamtafuta tajiri wa Kongowea amuulize hasara imemfanyia nini na angependa nini kifanyike. Kisha ataandika kama anapendekeza adhabu ya nje au la. Hakimu halazimiki kufuata pendekezo, lakini hulisoma kwa makini, na mara nyingi hulifuata.

Familia huharibu hapa kwa kudhani kwamba kumsaidia mtoto ni kumfunika. Afisa anauliza kama kijana anakula muguka, mama anajibu "hajui hata rangi yake", na jirani wa mlango wa pili anasema kila jioni yuko barazani na mfuko. Kuanzia hapo kila mlilosema linatiliwa shaka. Semeni kweli, na pamoja na ukweli toeni mpango: nani atakaa naye, atafanya kazi gani, pesa zitalipwaje. Ikiwa kuna tatizo la dawa za kulevya au la kamari, litajeni. Mahakama inaweza kuweka matibabu au ushauri nasaha kuwa sharti la kumwacha nje, lakini haiwezi kulitibu tatizo ambalo familia imelificha. Na kijana asimlaumu tajiri. Nimesoma ripoti zilizopinda kwa sentensi moja tu, "anasema alikuwa akilipwa kidogo", hata kama ni kweli alikuwa akilipwa kidogo. Mtu aliyekubali kosa asubuhi akaanza kujitetea kwa afisa jioni anaonekana hajajuta.

Jambo la pili ni zile pesa. Mkiweza kurudisha zote, rudisheni. Mkiwa na Sh30,000 pelekeni hizo na mpango wa maandishi wa zilizobaki. Zipitishieni mahakamani, au kwa tajiri mbele ya wakili na karatasi ya kukiri kupokea yenye sahihi. Msimpe mtu wa tatu. Mahakama ina uwezo wa kuamuru fidia kama sehemu ya adhabu, na mkosaji aliyetangulia kulipa kabla ya kuamriwa anaonekana tofauti kabisa na aliyengoja. Nendeni kwa tajiri na mtu mzima anayeheshimika, imamu au mzee wenu, mumuombe radhi. Akikubali kuandika barua kwamba amelipwa na hana kinyongo, barua hiyo ni mali. Haiwezi kuifuta kesi, kwa sababu wizi wa mfanyakazi ni kosa kubwa kisheria na kesi ni ya Jamhuri, lakini afisa wa probesheni na mwendesha mashtaka wote wataiona. Na asipotaka kuwasikiliza, rudini kwa amani. Kumkaba kwa simu kila siku kunaweza kuchukuliwa kuwa ni kumtisha shahidi.

Hakimu anaweza kuchagua nini? Nitapita haraka. Iko njia ya kumwachilia bila adhabu, au kwa sharti kwamba asitende kosa lolote kwa muda usiozidi miezi 12. Kwa wizi wa kiasi hiki si jambo la kutegemea sana, ila lipo kisheria. Iko probesheni, ambayo huwa kati ya miezi sita na miaka mitatu, kijana akiishi nyumbani na kuripoti kwa afisa. Iko kazi ya kuhudumia jamii chini ya sheria ya 1998: mtu hufanya kazi bila malipo, kwa mfano kufyeka uwanja wa shule au kusafisha zahanati, kwa muda usiozidi kifungo ambacho angepewa. Watu hudhani hii ni ya makosa ya miaka mitatu kushuka chini peke yake. Sivyo, hata kosa la miaka saba linaingia, ikiwa hakimu anaona kwamba kifungo kinachomstahili mtu huyu hakizidi miaka mitatu. Iko faini. Na kiko kifungo kisichozidi miaka miwili ambacho hakimu anaweza kukisimamisha, kisianze kutumika isipokuwa mtu akikosa tena ndani ya muda uliowekwa.

Kuhusu probesheni nina la kuongeza, maana linagusa maisha yake ya baadaye. Vijana wetu wengi wanataka kazi bandarini, kwenye mahoteli ya Nyali na Bamburi, au Uarabuni, na kote huko watadaiwa cheti cha tabia njema kutoka kwa idara ya upelelezi. Sheria ya probesheni inairuhusu mahakama ya hakimu kutoa amri ya probesheni bila kuandika rasmi kwamba mtu ametiwa hatiani, ikizingatia umri wake, tabia, historia na mazingira ya nyumbani. Muulizeni wakili leo kama hatia imeshaandikwa katika faili. Ikiwa bado, aombe njia hiyo kwa kuitaja waziwazi. Ni ombi ambalo halitolewi mara nyingi kwa sababu tu watu hawalijui.

Adhabu ya nje nayo si mchezo. Aliyepewa probesheni akaacha kuripoti, au akahama Kisauni akaenda Malindi bila ruhusa, hurudishwa mahakamani na kuadhibiwa kwa kosa lile lile la mwanzo. Safari hiyo hana tena la kusema kuhusu mara ya kwanza.

Na ikiwa, Mungu apishe mbali, atafungwa? Miezi miwili aliyolala rumande lazima ihesabiwe. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinasema hivyo, na Mahakama ya Rufaa ilisisitiza mwaka 2018 kwamba haitoshi hakimu kuandika tu kuwa "amezingatia". Muda wenyewe upunguzwe. Wakili au yeye mwenyewe ataje tarehe alizoingia na kutoka. Mfungwa mwenye nidhamu, ikiwa kifungo kinazidi mwezi mmoja, hupata pia kusamehewa theluthi moja, kwa hiyo kifungo cha miezi 18 kinaweza kuwa 12. Rufaa hukatwa ndani ya siku 14. Kwa kuwa alikubali kosa, rufaa yake itahusu adhabu peke yake, ukubwa wake au uhalali wake, na ajue kwamba Mahakama Kuu ina uwezo wa kuipunguza na vilevile wa kuiongeza. Tena anaweza kuiandikia Mahakama Kuu aombe ipitie upya ile adhabu. Majaji hupitia mafaili ya wafungwa wa vifungo vifupi na kuwabadilishia wengine waende kumalizia nje kwa kazi za jamii.

Umesema mwenyewe alikubali kosa. Nataka uhakikishe kitu kimoja: je, alielewa? Mashtaka yalisomwa kwa lugha anayoijua? Maelezo ya kesi yalisomwa, naye akaulizwa kama ni kweli? Tangu kesi ya Adan ya 1973 hizi ni hatua ambazo mahakama zetu hazitakiwi kuziruka. Ikiwa alikubali kwa sababu mtu alimnong'oneza koridoni kwamba "kubali uende nyumbani", na moyoni anajua hakuchukua pesa hizo, aseme kabla adhabu haijatolewa. Hakimu anaweza kumruhusu abadilishe jibu lake. Baada ya adhabu mlango huo unakuwa mwembamba sana. Lakini ikiwa ni kweli alichukua, alifanya vizuri kukubali, na kukubali huko kutahesabiwa kwake, ingawa angekubali siku za mwanzo kungekuwa na uzito zaidi.

Kwa wasomaji wengine ambao kesi zao ni mbichi: tangu 2008 sheria inaruhusu makubaliano kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka, ambapo shtaka linaweza kushushwa, kwa mfano kutoka wizi wa mfanyakazi hadi wizi wa kawaida ambao kikomo chake ni miaka mitatu. Na tangu 2019 Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ina sera ya kuwaondoa baadhi ya wakosaji wa mara ya kwanza katika njia ya mahakama kabisa, kwa masharti kama kulipa fidia na kuomba radhi. Haya huombwa mapema. Na kama kijana alikuwa chini ya miaka 18 siku ya kosa, lisemeni hilo mara moja na mbebe cheti cha kuzaliwa, maana Sheria ya Watoto ya 2022 ina utaratibu wake na mtoto hahukumiwi kifungo cha gerezani. Nimeona familia zinaongeza umri wa mtoto ili apate dhamana haraka, kisha zinakuja kulia.

Ikiwa hamna uwezo wa wakili, msikae nyumbani. Kituo cha Sheria kina ofisi Mombasa na kwa miaka mingi kimefundisha wafungwa wa Shimo la Tewa kusaidiana katika mambo ya rufaa. MUHURI, shirika la kutetea haki za binadamu, nao wapo. Iko pia huduma ya taifa ya msaada wa kisheria iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016. Nendeni wiki hii, na nakala ya hati ya mashtaka mkononi.

Mtu akiwajia nje ya mahakama akasema anamjua hakimu, au anamjua afisa wa probesheni, na kwamba ripoti "itaandikwa vizuri" kwa Sh20,000, mwondokeeni. Ripoti haiuzwi. Mkilipa mmetenda kosa jipya, na ndugu yako, ambaye hoja yake yote ni kwamba hana historia ya makosa, ndiye atakayeingizwa ndani yake.

Siku yenyewe fikeni mapema, saa mbili muwe mmeshaingia. Muwe na barua ya tajiri ikiwa imepatikana, karatasi za malipo, vyeti vyake vya shule, barua ya mtu aliye tayari kumpa kazi, na hati zozote za wanaomtegemea. Mpeni wakili nakala, nyinyi mbaki na nyingine. Kijana avae nadhifu, na akiulizwa aseme mambo matatu kwa ufupi: nilichukua, nimerudisha kiasi hiki, na nitafanya hivi. Ikiwa hakimu atatoa faini, ombeni muda wa kulipa. Msipopewa, italazimu kulipwa siku hiyo hiyo, la sivyo kijana atapandishwa gari la magereza jioni. Kwa hiyo mmoja wenu awe na pesa tayari kwenye simu, achukue namba ya malipo kwa karani wa mahakama mwenyewe, alipe, na aipeleke risiti seli kwa askari kabla ya gari kuondoka. Pesa taslimu msimpe mtu yeyote mkononi.